Hatua, Umetaboli na Kiashirio: Istilahi Tatu za Saratani ya Tumbo

Katika tafsiri za tiba, neno lililozoeleka ndilo lenye hatari zaidi, kwani msomaji hulipokea bila kuuliza maana yake. Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi tatu zitumikazo katika taarifa za saratani ya tumbo iliyokwisha kukomaa: hatua, umetaboli na kiashirio.

Tuanze na hatua. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, watu wengi hujifunza Kiswahili baada ya Kikurya, Kingoreme au Kiikoma. Mgonjwa aliyepewa rufani kutoka Tarime au Mugumu hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza, hurudi na karatasi ambayo jamaa zake wataisoma. Wakikuta "hatua ya nne", nao wamezoea kusikia "hatua za ujenzi", waweza kudhani kwamba matibabu yamesonga mbele. Kumbe, kwa kawaida, maana yake ni kwamba ugonjwa umekwisha kufika viungo vya mbali, kama vile ini. Kwa hiyo tunapendekeza iandikwe "hatua ya kuenea kwa ugonjwa", na maendeleo ya tiba yaitwe "awamu ya matibabu". Neno "daraja" libaki kueleza jinsi seli za saratani zinavyotofautiana na seli za kawaida.

Umetaboli ni jumla ya mabadiliko ya kikemia yanayofanyika mwilini. Katika miaka ya 1920, mwanasayansi wa Ujerumani Otto Warburg alionyesha kuwa seli za saratani hutumia glukosi kwa wingi na kuigeuza kuwa laktati, hata pale oksijeni inapokuwapo. Baadhi ya vitu vinavyohusiana na mabadiliko hayo hupimwa katika damu, kwa mfano kimeng'enya kiitwacho laktati dehidrojenezi. Kitu cha namna hiyo ndicho kiashirio cha umetaboli. Nacho si dalili: dalili huhisiwa na mgonjwa, kiashirio hupimwa maabara.

Hapa mtafsiri hana budi kuchunga kitenzi chake. Kuashiria si kuthibitisha. Hatua ya saratani ya tumbo hupangwa kwa kuangalia mambo matatu: kina cha uvimbe katika ukuta wa tumbo, kuenea kwake katika tezi za limfu za jirani, na kufika kwake viungo vya mbali. Kimeng'enya tulichokitaja huweza kupanda pia kwa sababu ya maradhi ya ini au kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu. Anayeandika kwamba kipimo cha damu "kimethibitisha hatua ya nne" humpa mgonjwa hukumu ambayo daktari hakuitoa.

Tunashauri kwamba kabla taarifa haijachapwa, isomwe mbele ya mtu asiye mtaalamu wa tiba, naye aeleze alivyoielewa. Akisema kuwa mgonjwa wa hatua ya nne anaelekea kupona, basi tafsiri irudiwe.