Hiyo ni 3 ama 8? Andika namba yako ya tili isomeke

Uko kwa kibanda cha mboga Kawangware 46, saa moja jioni, stima zimepotea na kuna foleni nyuma yako. Unatoa simu ulipe, kisha unakwama kwa ubao: "Mama, hiyo ni tatu ama nane?"

Si swali dogo. Ukikosea tarakimu moja, pesa inaweza kuingia kwa biashara ya mtu mwingine. Mama hajalipwa, na wewe pesa imeshatoka.

Kwa nini herufi nene za mviringo?

Angalia mabango ya Kawangware, ama Makina kule Kibera. Utaona sana herufi nene, kona zake zimeviringwa. Fundi anayechora kwa brashi ya ncha ya mviringo humaliza mstari hivyo bila shida. Ukienda saiba kuprinti, Arial Rounded iko kwa kompyuta nyingi. Hata Volkswagen ilijitengenezea herufi za aina hii, VAG Rounded, mwaka wa 1979.

Zinavutia na zinaonekana kutoka mbali. Kwa jina la duka, ni sawa kabisa.

Shida iko kwa namba

Tofauti ya 3 na 8 ni midomo miwili tu iliyo wazi upande wa kushoto. Kwa 6 na 9 ni mdomo mmoja. Herufi ikinenepa sana, midomo hiyo inafungana. Ongeza vumbi, mvua na rangi iliyochujuka, zote zinageuka 8.

Mwambie fundi hivi:

- Jina la duka liwe nene upendavyo, lakini namba apunguze unene kidogo.
- Midomo ya 3, 6 na 9 ibaki wazi kabisa.
- Aache nafasi kati ya tarakimu, na agawe namba kwa mafungu mawili.
- Atumie rangi zinazopingana, kama nyeusi juu ya nyeupe.
- Chini ya namba aandike jina la biashara vile linatokea kwa simu ya mteja.

Kabla hujamlipa fundi, mwite mtu asiyejua namba yako. Asimame hatua kumi hivi, aisome kwa sauti. Akisita, irudiwe.

Pia, kila asubuhi ukifungua, hakikisha hakuna mtu amebandika namba yake juu ya yako.

Na wewe unayelipa

Usiharakishe. Soma kwanza jina linalotokea kwa simu, muulize mwenye duka kama ni lake. Kama si lake, katisha hapo hapo. Na kama pesa imeshaenda kimakosa, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja, usingoje kesho.