Mtoko wa nyama choma na watoto: Yanayowafurahisha wateja na yanayowakera

JUMAPILI jioni, baba, mama na watoto watatu wanaingia kwenye baa ya nyama choma iliyo jirani na nyumbani. Watoto wametulia kwa sababu wameahidiwa soda. Kilo moja na nusu ya mbuzi inaagizwa, pamoja na ndizi na kachumbari. Saa moja na nusu baadaye mtoto mdogo amelala mapajani kwa mama bila kula, nyama iliyoletwa haifanani na iliyochaguliwa, na baba anabishana na mhudumu kuhusu bili mbele ya watoto.

Familia nyingi zinaijua jioni ya namna hiyo. Iwe Sinza au Tabata jijini Dar es Salaam, Arusha, Dodoma, au hata Kenyatta Market jijini Nairobi, nyama choma ni mtoko ambao mzazi wa kipato cha kawaida anaumudu mara mojamoja. Kwa kuwa fedha yenyewe imetengwa kwa kujibana, kinachotokea mezani kinaonekana kwa jicho kali.

Ukisikiliza mazungumzo ya wateja baada ya mtoko, sifa na lawama zinazunguka mambo yaleyale: uzito wa nyama, muda wa kusubiri, usafi, lugha ya wahudumu na mazingira ya watoto. Kila moja lina upande wa mwenye biashara na upande wa mteja.

Kilo iliyopimwa na sahani iliyoletwa

Hakuna kinacholalamikiwa kama uzito. Mteja amelipia kilo, lakini sahani inapofika mezani haionekani kuwa kilo. Mara nyingi hapo hakuna aliyeiba. Nyama hupimwa ikiwa mbichi, na moto huondoa maji na mafuta. Kupungua kwa robo ya uzito ni jambo la kawaida, na ikikaa motoni muda mrefu hupungua zaidi. Kilo moja na nusu inaweza kurudi ikiwa kilo moja na kidogo tu, na humo ndani bado kuna mifupa. Familia ya watu watano inayopenda mbavu iagize ikilijua hilo, au ichanganye na steki.

Lakini kuna malalamiko yenye haki: kipande kilichochaguliwa kubadilishwa, vipande kupunguzwa njiani, au mzani kuanza kusoma kabla nyama haijawekwa. Wateja wazoefu wana mbinu zao. Wanakwenda wenyewe buchani, wanachagua kipande, wanatazama mzani ukisoma sifuri, kisha wanaomba nyama ichomwe bila kukatwakatwa na ikatwe mezani mbele yao. Mzani wa biashara unapaswa kuwa umehakikiwa na Wakala wa Vipimo, na mteja ana haki ya kuuliza alama ya uhakiki iko wapi.

Bei nayo iulizwe kabla ya kukaa. Kwenye baadhi ya maeneo bei ya kilo inajumuisha kuchoma na kachumbari, kwingine kila kitu kina bei yake. Ugomvi mwingi wa bili huanzia kwenye swali ambalo halikuulizwa mwanzo.

Njaa ya mtoto haisubiri mkaa

Mbavu za mbuzi zinahitaji moto wa taratibu. Dakika 45 hadi saa moja si uzembe wa mchomaji, ndivyo nyama inavyolainika. Mtu mzima atapiga soga na kinywaji chake, lakini mtoto wa miaka minne hawezi.

Mahali panaposifiwa na wazazi ni pale mhudumu anaposema ukweli: nyama itachukua muda gani, na kitu gani kinaweza kuja mapema kwa ajili ya watoto. Ndizi za kuchoma, chipsi au supu vikitangulia, mezani panakuwa na amani. Mahali panapolaumiwa ni pale jibu la kila swali linapokuwa "inakuja sasa hivi" kwa saa nzima.

Mzazi naye ana sehemu yake. Kupiga simu mapema na kuagiza kunapunguza kusubiri. Kumpa mtoto kitu chepesi kabla ya kutoka nyumbani kunasaidia pia, ili nyama ikichelewa, mtoto asiwe ameshashiba soda.

Kuna njia moja ya mkato ya kuihofia. Baadhi ya majiko hubanika nyama nusu mchana, kisha huimalizia mteja akifika. Huduma inakuwa ya haraka, lakini nyama iliyoiva nusu na kuachwa mezani kwa saa kadhaa ni mahali pazuri pa vijidudu kuzaliana. Nyama ikifika dakika kumi tu baada ya kuagizwa, ni halali kuuliza ilianza kuchomwa saa ngapi.

Usafi: tazama kibao na kisu

Wateja wengi hupima usafi kwa choo na kwa maji ya kunawa. Ni vipimo vizuri. Mhudumu anayezunguka na jagi la maji ya vuguvugu, beseni na sabuni amewashinda washindani wake kabla nyama haijaonja ulimi. Lakini hatari kubwa zaidi kwa mtoto iko kwenye kibao cha kukatia.

Kibao kilichokatiwa nyama mbichi kikitumika kukatia iliyoiva, au nyanya na vitunguu vya kachumbari, vijidudu vinahama. Nyama inaweza kurudishwa motoni, kachumbari haipikwi. Inaliwa hivyohivyo, na mtoto ndiye anayeimalizia supu yake ya limao chini ya bakuli.

Kuku anahitaji macho zaidi. Moto mkali humbabua ngozi wakati ndani kwenye mfupa wa paja bado ni mbichi, hasa kama alitoka kwenye friza bila kuyeyuka vizuri. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chakula kiive hadi nyuzijoto 70 katikati, na kilichoiva kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida. Mezani hakuna kipimajoto, lakini kuna macho: pasua paja karibu na mfupa. Majimaji yakiwa meupe, ameiva. Yakiwa na wekundu, arudi jikoni.

Tahadhari hii si ya kujidai. Kwa mujibu wa ripoti ya WHO ya 2015, watoto wa chini ya miaka mitano ni takriban asilimia 9 ya watu duniani, lakini wanabeba asilimia 40 ya mzigo wa magonjwa yatokanayo na chakula. Tumbo linalomsumbua baba kwa siku moja linaweza kumlaza mtoto hospitalini. Mtoto akiharisha baada ya mtoko, aanzishiwe ORS mapema. Akitapika kila anachokunywa, akiharisha damu, akilegea, macho yakididimia au asipokojoa kwa saa nyingi, apelekwe kituo cha afya bila kusubiri kukuche.

Lugha ya mhudumu, na lugha ya mteja

Nyama ngumu husamehewa, majibu ya mkato hayasahauliki. Wateja wanarudia kumsifu mhudumu anayesalimia, anayekumbuka nani aliagiza nini, na anayekuja kusema "samahani, mkaa umechelewa kushika" kabla hajaulizwa.

Hata hivyo, Jumapili mhudumu mmoja anaweza kuwa na meza nyingi kuliko miguu yake. Mteja anayempigia mluzi au kugonga chupa mezani anawafundisha watoto wake jambo ambalo hakukusudia. "Dada" au "kaka" inatosha kumwita mtu.

Malalamiko nayo yana njia yake. Nyama ikiwa haijaiva, iseme ikiwa bado sahanini: "Kaka, hii ndani bado, naomba irudi jikoni." Ukila robo tatu ndipo ulalamike, hata mwenye haki anaonekana mjanja. Jambo likimshinda mhudumu, mwite msimamizi pembeni. Watoto wanaoona wazazi wao wakidai haki bila kutukana wanaondoka na somo la bure.

Bili isomwe mstari kwa mstari, na risiti idaiwe. Risiti hiyo ndiyo kumbukumbu ya siku na mahali kama kuna mtu ataugua. Kwa Tanzania, malalamiko ya usafi yanaweza kufikishwa kwa ofisa afya wa kata au halmashauri. Usalama wa chakula kitaifa, tangu 2019, uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Je, watoto wana nafasi yao?

Hapa ndipo baa nyingi za nyama choma zinapopoteza familia. Spika iko juu ya meza, moshi wa sigara unatoka meza ya jirani, na jiko la mkaa liko mahali watoto wanapokimbilia. Wazazi wanaorudi mahali palepale mara kwa mara wanataja vitu vidogo: kona yenye muziki wa chini, uzio unaotenga jiko, choo chenye maji, na sahani ndogo ya ziada inayoletwa bila kuombwa.

Mzazi achague meza mbali na jiko na barabara. Mishkaki itolewe kwenye vijiti kabla ya kumpa mtoto, na nyama ikatwe vipande vidogo visivyo na mfupa, kwa kuwa mtoto mdogo hapaswi kutafuna huku akikimbia. Sehemu zilizoungua na kuwa nyeusi ziondolewe. Pilipili ikae upande wa wakubwa. Na saa ya kuondoka ipangwe mapema, kwa kuwa baada ya saa mbili usiku mazingira hubadilika na kuwa ya watu wazima.

Wenye biashara wanaofanya haya hawahitaji mabango. Mama mmoja akiridhika, Jumapili inayofuata anakuja na wifi yake na watoto wake. Akikereka, hagombi wala haandiki barua. Analipa, anabeba mtoto aliyelala, na safari nyingine ananunua nyama buchani na kuichoma uani kwake.