Vipande 27 vya Mbao: Kazi ya Uhandisi Atakayoileta Mwanao



Mtoto wako wa sekondari akirudi nyumbani na mfuko wa vipande vidogo vya mbao, tafadhali usiwape wadogo zake wachezee. Hiyo ni kazi ya shule na ina alama. Shule nyingi hapa Marekani zinazotumia mtaala wa Project Lead The Way huwapa kazi hii wanafunzi wanaoanza somo la uhandisi. Wazazi kadhaa wameniuliza, "Nimemleta mtoto huku ili acheze na vibao?" Hapana, hachezi. Ngoja nieleze.

Mwanafunzi hupewa michemraba 27 ya mbao ngumu, kila mmoja una upande wa robo tatu ya inchi, yaani kama milimita 19. Anatakiwa kuiunganisha kwa gundi apate sehemu tano tu. Kila sehemu iwe na michemraba minne hadi sita, na zisiwepo mbili zinazofanana. Zikipangwa pamoja, sehemu hizo tano zifanye mchemraba mmoja mkubwa wa inchi mbili na robo kila upande. Tena zishikane. Kama kila sehemu ni bapa tu kama kipande cha mkate, zitateleza na kuachana. Lazima moja iwe na jino linaloingia kwenye nafasi ya nyingine.

Wazo si geni. Piet Hein wa Denmark alibuni fumbo la namna hii, linaloitwa Soma, lenye sehemu saba. Kuna njia 240 tofauti za kulipanga, bila kuhesabu zile ambazo ni kuligeuza tu au ni taswira yake ya kwenye kioo. Ila darasani mtoto hanunui fumbo, analibuni mwenyewe.

Ugumu unaanzia kwenye hesabu. Sehemu tano zenye 5, 5, 5, 6 na 6 zinatimiza 27. Zenye 5, 5, 5, 5 na 6 zinaishia 26, na tundu litabaki. Nyumbani mnaweza kujaribu kwa dadu 27 za ukubwa mmoja na utepe wa kunata. Utepe unabandulika, gundi haibanduliki. Ndiyo maana mwalimu anadai michoro kwanza, kwa mkono kwenye karatasi ya vidoti, kisha kwa kompyuta. Vijana wetu wengi wana haraka ya kugundisha. Mzuie kidogo.

Halafu kuna vipimo. Mbao haikatwi sawasawa kabisa. Kila mchemraba ukizidi nusu milimita tu, mitatu ikipangwa mstari inazidi milimita moja na nusu, na fumbo halifungi. Basi mtoto anapima michemraba mingi, anatafuta wastani na kuangalia inatofautiana kiasi gani. Waliozoea sentimita huhangaika na inchi na sehemu zake. Mfundishe kusoma rula ya huku kabla ya siku ya kazi.

Gundi iwe kidogo. Ikifurika pembeni na kukauka, sehemu hazikai. Abane vizuri na kuacha mpaka kesho yake, hata kama inaonekana imeshakauka. Rangi nayo inaongeza unene, kwa hiyo apige msasa na kujaribu kufunga kabla ya kupaka.

Sasa jambo linalonisumbua zaidi. Shule nyingine hukata mbao kwa mashine, na kabla ya mtoto kugusa msumeno, mzazi hutia saini karatasi ya usalama. Mama mmoja niliyemhudumia aliipata karatasi hiyo kwa Kiingereza, akadhani anadaiwa pesa, akaiweka kabatini. Kwa wiki mbili kijana wake alikaa kando akiwatazama wenzake, na mshauri wa shule akapendekeza ahamishwe darasa kwa kuwa "hashiriki". Tulipokwenda tukiwa na mkalimani, jambo liliisha kwa dakika kumi. Kijana alikuwa na michoro yote kwenye daftari.

Chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, shule inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kuwasiliana nawe kwa lugha unayoielewa, na mkalimani hulipwi na wewe. Sema "Swahili interpreter, please." Maneno hayo matatu yanatosha hata kwenye simu. Usimfanye mtoto mkalimani kwa habari zinazomhusu yeye mwenyewe. Karatasi usiyoielewa, ilete ofisini kwetu siku hiyohiyo, usingoje miadi.

Mwishoni fumbo hujaribiwa. Mtoto anatafuta watu wa kulipanga, anawapima muda kwa saa na kuandika matokeo. Hapo Kiingereza hakihitajiki kabisa, hivyo kubali kuwa mmoja wao, baba, mama, hata bibi. Asikuonyeshe jibu kabla. Ukichukua dakika arobaini usione haya. Aandike arobaini, ndiyo namba anayoihitaji.