PANYA ASIYEKUFA NDIYE WA KUOGOPWA

(Mazungumzo ya wiki hii, kama yalivyosomwa redioni)



Ukiingia jikoni kwa mkulima wa Ufipa baada ya mavuno, inua macho juu ya mafiga. Mara nyingi utaona mahindi yamefungwa kwa maganda yake, yananing'inia katika moshi. Hayo si ya kusaga wala ya kuuza. Ni mbegu ya msimu ujao. Mama mwenye nyumba ameyachagua mwenyewe: hindi nene, lililojaa punje hadi kichwani, lililotoka kwenye shina lililostahimili upepo na ukame. Mahindi dhaifu yamekwisha kwenda kwenye ugali.

Nawaomba muishike picha hiyo, maana ndiyo itakayotufunulia mazungumzo yetu ya leo. Tunazungumza juu ya panya, na kwa nini baadhi ya panya hupata ugonjwa wasife.

Panya shamba tunamfahamu wote. Ndiye anayefukua mbegu usiku ule ule ulipopanda, na ndiye anayekufuata ghalani ukishavuna. Jike lake lina chuchu nyingi kuliko panya wengine, huweza kufika 24, na hubeba mimba kwa muda wa wiki tatu hivi tu. Watafiti wa wadudu na wanyama waharibifu hapa nchini wamekadiria kwamba katika mwaka wa kawaida panya hula kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi ya Tanzania. Kwa mkoa kama Rukwa, unaolisha mikoa mingine, hasara hiyo si ndogo. Lakini leo tuache mahindi, tutazame afya.

Wazee wetu walituachia kanuni moja nzuri: ukiona panya wanakufa ovyo ndani ya nyumba, toka upesi, tauni imebisha hodi. Kanuni hiyo ni ya kweli. Tauni ni ugonjwa wa panya kabla ya kuwa ugonjwa wa binadamu. Hubebwa na kiroboto. Panya akifa, mwili wake hupoa, na kiroboto mwenye njaa humwacha akatafuta damu yenye joto. Damu ya karibu ni yako wewe uliyelala chini.

Sasa jiulizeni, ndugu wasikilizaji: itakuwaje ikiwa panya hafi?

Swali hili lilianza kuulizwa kwa dhati nchini India. Tauni ilipoingia Bombay mwaka 1896 iliua panya na watu wengi mno. Miaka ikapita. Wataalamu wakachukua panya wa Bombay, na panya wa Madras ambako tauni haikuwahi kushika sana, wakawapa wote vijidudu vya tauni. Wa Madras walikufa kwa wingi. Wa Bombay wengi walipona. Panya walikuwa wa aina moja, na ugonjwa ulikuwa mmoja, lakini matokeo yalitofautiana.

Jirani zetu wa Madagaska walilithibitisha jambo hili kwa uangalifu zaidi. Tauni ilifika huko mwaka 1898 kwa meli, bandarini Toamasina, na kufika nyanda za juu mwaka 1921. Hadi leo haijaondoka huko juu, wakati sehemu kubwa za mabondeni hazina. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, panya weusi wa nyanda za juu na wale wa mabondeni walipewa vijidudu kwa kipimo kilekile. Wa mabondeni walikufa karibu wote. Wa juu, takriban nusu walisalimika.

Mtu mwenye busara atauliza: je, si kwamba wale wa juu waliwahi kuugua wakapata kinga, kama mtoto aliyekwisha kuugua surua? Ni swali la haki. Ndiyo maana wataalamu huzalisha panya ndani ya maabara, watoto ambao hawajawahi kukutana na tauni hata siku moja, kisha huwapima hao. Na watoto wa panya wagumu huonekana wagumu pia. Hapo hakuna tena hoja ya kuugua zamani. Ugumu huo umo katika chembechembe za urithi, zile zinazoitwa jeni, ambazo kila kiumbe hupewa nusu na baba na nusu na mama. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Sasa turudi jikoni kwa yule mama. Tauni ikipita katika kijiji cha panya hufanya kazi kama yake, ila bila akili wala nia. Panya wenye jeni dhaifu mbele ya ugonjwa hufa. Wachache waliozaliwa na jeni za kustahimili hubaki, na hao ndio wanaozaa. Kwa kuwa panya huzaa mara nyingi kwa mwaka, miaka hamsini kwao ni vizazi zaidi ya mia. Hakuna panya aliyejifunza kustahimili. Ni kwamba wasiostahimili hawakuacha watoto.

Na msidhani kanuni hii ni ya tauni peke yake. Dawa ya panya iitwayo warfarini ilipoenea Ulaya, mwaka 1958 huko Scotland waligunduliwa panya wanaoila bila kufa. Leo jeni inayohusika inajulikana. Sumu nayo ilikuwa imechagua mbegu yake.

Je, panya shamba wetu yuko upande gani? Mwaka 1983 wataalamu wa Afrika ya Kusini walitoa habari ya ajabu. Kule kuna aina mbili za panya shamba ambazo kwa macho huwezi kuzitofautisha. Tofauti imo ndani ya seli: mmoja ana kromosomu 36, mwingine 32. Wakapewa tauni. Yule wa 36 alikuwa mwepesi kufa; yule wa 32 alistahimili. Tena ramani ya tauni ya binadamu katika nchi zile ililingana na makazi ya yule anayekufa. Panya shamba wetu wa Tanzania, ndugu zangu, ni wa jamii ile ya 32.

Msikimbilie kufurahi. Ni kweli, panya anayestahimili haleti vifo vya ghafla vya panya, wala hamwachii kiroboto wake atangetange. Lakini anaweza kuishi na ugonjwa kimya kimya. Wilayani Lushoto, ambako tauni ilizuka mwaka 1980 na kusumbua kwa zaidi ya miaka ishirini, panya shamba walikutwa na kingamwili za tauni katika damu yao. Maana yake walikutana na ugonjwa, wakaendelea kuishi. Kisha panya mwepesi kufa, kama yule wa darini, akigusana na viroboto wao, balaa huanza nyumbani.

Tauni inapotajwa nchini, majina yanayosikika zaidi ni Lushoto na Mbulu, si Sumbawanga. Tushukuru. Lakini shukrani isiwe usingizi. Fundisho langu kwa wana-Ufipa ni hili: msimsubiri panya afe ndipo mchukue tahadhari, kwa maana kengele ile ya wazee yaweza isilie. Kihenge kiinuliwe juu ya nguzo, na kila nguzo ivishwe bati ili panya ateleze. Nyasi zifyekwe kuzunguka nyumba. Tulale kitandani, tusilale chini. Watoto wasishike panya kwa mikono mitupu, awe hai au amekufa. Na pale ambapo ugonjwa umethibitishwa, viroboto wauawe kwanza, ndipo panya; ukianza na panya umewafungulia viroboto mlango. Mtu akipata homa kali ya ghafla na mtoki wenye maumivu, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Tauni hutibika kwa dawa za kawaida za hospitali, lakini haingoji.

Yule mama wa jikoni huchagua mbegu yake mwaka hata mwaka, na shamba lake huwa bora. Ugonjwa nao unachagua yake, shambani mwetu na darini kwetu, hata sisi tukiwa tumelala.