Kwa Nini Bunduki Moja Haitoshi?

Nchini Marekani, ambako katiba imelinda haki ya raia ya kuwa na silaha tangu mwaka 1791, si ajabu kumkuta mtu mwenye bunduki sita au saba, kila moja na kaliba yake, yaani kipenyo cha tundu la mtutu. Mgeni huweza kumdhania kuwa ana uchu wa vita. Mwenyewe akiulizwa, hujibu kwamba kila bunduki ina kazi yake. Katika jawabu hilo fizikia humuunga mkono.

Risasi irukayo hubeba nishati mwendo, ambayo ni nusu ya tungamo lake likizidishwa kwa mraba wa kasi. Risasi ya kaliba .22, yaani milimita 5.6 hivi, huwa na gramu 2.6 na huweza kutoka mtutuni kwa kasi ya meta 330 kwa sekunde. Nishati yake ni jouli 140 hivi. Yatosha kwa sungura na kwa shabaha ya karatasi. Tena bei yake ni nafuu na haimwumizi bega anayejifunza.

Sasa tuchukue risasi ya .30-06, iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka 1906. Kaliba yake ni milimita 7.62. Ikiwa na gramu 9.7 na kasi ya meta 885 kwa sekunde, hubeba jouli 3,800 hivi. Tungamo halikufika hata mara nne ya lile la kwanza, lakini nishati imekuwa mara 27, kwa sababu kasi huhesabiwa kwa mraba. Hii humfaa mwindaji wa wanyama wakubwa. Hata hivyo, kwa kanuni ya tatu ya Newton, risasi isukumwapo mbele, bunduki nayo husukumwa nyuma, na bega ndilo lipokealo pigo.

Sababu nyingine ni historia. Bunduki ya Martini-Henry, iliyoingia katika jeshi la Uingereza mwaka 1871, ilikuwa na kaliba ya milimita 11.4 na risasi ya gramu 31. Baruti nyeusi haikuweza kuipa kasi kubwa. Ilibidi nguvu itafutwe katika uzito, na bado jouli zake hazikufikia 3,000. Mwaka 1884 mkemia Mfaransa, Paul Vieille, alitengeneza baruti isiyo na moshi. Miaka miwili baadaye Ufaransa ilikuwa na bunduki ya Lebel ya milimita 8. Mtutu ulipungua, kasi ikaongezeka. Anayeziweka bunduki hizo mbili pamoja ameweka ukutani sura nzima ya kemia.

Lakini wingi wa kaliba una hatari yake. Bunduki za marisau hupimwa kwa idadi ya gololi za risasi, zenye kipenyo sawa na cha tundu, zinazopatikana katika ratili moja. Hivyo namba 20, yenye milimita 15.6, ni nyembamba kuliko namba 12, yenye milimita 18.5. Fataki ya namba 20 ikitiwa katika bunduki ya namba 12 huteleza na kukwama ndani ya mtutu. Mpigaji akidhani hakuna kitu, akatia ya namba 12 na kufyatua, mtutu hupasuka mkononi mwake. Ndiyo maana fataki za namba 20 kwa desturi hutiwa rangi ya manjano.

Basi mkusanyaji mwenye busara husoma namba ya mtutu na namba ya fataki kabla ya kuvikutanisha. Asiyesoma, bunduki zake nyingi ni mitego aliyojitegea mwenyewe.