Maji Kwenye Buti: Angalia Taa za Nyuma

Huenda kijijini kwenu kuna gari. Labda ni gari la chama cha ushirika, au la kikundi, au la mtu mmoja anayebeba abiria kwenda mjini siku ya gulio. Magari mengi ya namna hiyo huletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha tumika miaka mingi. Injini yake huwa bado nzuri, lakini raba zake zimezeeka. Mvua za masika zikianza, mwenye gari hufungua buti asubuhi akakuta zulia limelowa. Akiinua zulia, anaona maji kwenye shimo la tairi la akiba. Basi hudhani kwamba mlango wa buti haufungi vizuri. Hununua raba mpya ya mlango, na maji huendelea kuingia kama kawaida.

Mara nyingi maji hayo hupita kando ya taa za nyuma.

Tuone taa hiyo imefungwaje. Bodi ya gari imetobolewa tundu kubwa. Taa huwekwa juu ya tundu hilo, ikafungwa kwa nati au skrubu. Kati ya taa na bodi huwekwa gasketi, yaani kipande cha raba au sponji kinachozuia maji. Jua huikausha gasketi hiyo mwaka hadi mwaka. Hunywea, hukakamaa, halafu hupasuka. Tena, maji ya mvua yanayoshuka kutoka juu ya gari hufuata mfereji wa mlango wa buti, na mfereji huo hupita karibu kabisa na taa. Maji yakipata mwanya mdogo tu, yanaingia.

Je, hasara yake ni nini? Mfuko wa mbegu ukilowa, mbegu huanza kuota au kuoza kabla ya kufika shambani. Mfuko wa mbolea ukilowa ni vibaya zaidi, maana maji yenye mbolea hula bati upesi kuliko maji matupu. Maji ya samaki wa chumvi ni hivyo hivyo. Lakini hasara iliyo kubwa kuliko zote iko kwenye umeme.

Chukua balbu ya taa ya nyuma uitazame. Kwenye magari mengi balbu hiyo imeandikwa 21/5. Ndani yake mna nyuzi mbili. Uzi wa wati 5 huwaka usiku, ili walio nyuma walione gari. Uzi wa wati 21 huwaka dereva anapokanyaga breki. Umeme ukishapita kwenye balbu hurudi kwa waya wa ethi, ambao umefungwa kwenye bodi. Waya huo ukipata kutu, umeme hukosa njia ya kurudi, basi hutafuta njia nyingine kupitia taa za jirani. Dereva anakanyaga breki, na indiketa ndiyo inayowaka hafifu! Au haiwaki taa yoyote. Yeye mwenyewe hajui, kwa sababu amekaa mbele. Dereva wa lori anayemfuata usiku, mvua ikinyesha, hajui kwamba gari la mbele linasimama. Ndani ya gari hilo pengine yumo mama mjamzito anayepelekwa hospitali.

Kwanza tafuta ubovu wenyewe. Kuna ubovu wa aina mbili, na watu huuchanganya. Wa kwanza ni maji kuingia ndani ya taa yenyewe, ukayaona nyuma ya kioo chake cha plastiki. Hapo kioo kimepasuka, au kimeachana na kikombe cha taa. Ukungu kidogo wa asubuhi unaokauka taa ikipata joto si ubovu. Taa nyingi zina vitundu vidogo vya kupumulia, na vitundu hivyo visizibwe. Ubovu wa pili ni maji kupita kati ya taa na bodi hadi kwenye buti. Huu ndio tunaoueleza hapa.

Ondoa zulia na vifuniko vya ndani. Kausha vizuri. Kisha paka unga wa chaki kwenye bati chini ya taa, kwa ndani. Darasani kwenu chaki haikosi. Mwenzako amwage maji nje kwa kopo lenye matundu, akianzia chini ya taa, asubiri dakika chache, halafu apande juu polepole. Akianzia juu, maji yatatiririka kila mahali na hamtajua yameingilia wapi. Maji yakiingia yataacha mstari kwenye chaki. Ufuate mstari huo kwenda juu. Usimfungie mtoto ndani ya buti ili akuangalizie. Laza kiti cha nyuma, kama kinalazika, utazame mwenyewe kwa tochi.

Mstari ukitoka kwenye taa, sasa anza kazi. Chagua siku ya jua. Zima taa, kisha fungua waya wa hasi wa betri. Chomoa soketi ya nyaya nyuma ya taa. Fungua nati, magari mengi ya Japani hutumia spana namba 8 au namba 10. Sukuma taa polepole kwa mkono kutoka ndani. Usiichokonoe kwa bisibisi, maana plastiki hupasuka na rangi ya bodi hubanduka.

Bandua gasketi ya zamani yote. Kazi hii inachosha, na hapa ndipo watu wengi huharibu. Silikoni haishiki kwenye vumbi, mafuta wala unyevu, na haishiki vizuri juu ya silikoni ya zamani. Kwangua, futa kwa kitambaa chenye spiriti, acha pakauke. Usitumie petroli. Ni hatari ya moto, na petroli au tina huweza kuharibu plastiki ya taa. Ukikuta kutu, sugua kwa msasa mpaka bati ling'ae, paka rangi ya kuzuia kutu, uiache ikauke kabisa.

Kama gasketi mpya inapatikana dukani, inunue. Kama haipatikani, tumia silikoni. Kuna silikoni inayonuka siki inapokauka. Hiyo ni nzuri kwa vioo, lakini huleta kutu kwenye bati tupu na kwenye shaba za nyaya. Mwambie mwenye duka unataka isiyonuka siki. Kuna pia mastiki laini isiyokauka, inayouzwa kama utepe uliokunjwa. Kwenye gari ambalo balbu haibadilishwi mpaka taa itolewe, mimi naona mastiki hiyo inafaa zaidi, kwa sababu taa hutoka tena bila kugombana nayo.

Minya silikoni nyuma ya taa, unene wa milimita 5 hivi, uzungushe pande zote bila kuacha pengo. Zungushia pia kila boliti, kwa sababu maji hupenda kupita hapo. Rudisha taa mahali pake na kaza nati kwa vidole tu. Usibane sana, silikoni isije ikatoka yote. Iache mpaka kesho. Silikoni hukauka kuanzia nje kwenda ndani, na huhitaji kama saa 24. Kesho yake kaza kwa spana kidogo kidogo, upande huu na upande ule. Boliti za taa zimeshikwa na plastiki. Ukikaza kwa nguvu zitang'oka.

Madereva wengine hupaka silikoni kwa nje tu, kuizunguka taa, bila kuitoa. Ni rahisi, lakini silikoni hiyo hubanduka baada ya muda. Tena maji yaliyokwisha ingia nyuma hukosa pa kutokea, na kutu huendelea kula bati bila kuonekana.

Kabla ya kurudisha soketi, kwangua kutu kwenye ethi. Rudisha waya wa betri. Mtu mmoja akanyage breki, mwingine asimame nyuma aangalie taa zote. Kisha paka chaki tena na mwage maji kama mwanzo. Chaki ikibaki kavu, rudisha zulia. Ikilowa, tazama mstari unatoka wapi safari hii. Huenda ni taa ya pili, au raba ya mlango, au kiungio cha bati juu ya mfereji.