Je, Wajua? Fangasi wa Kinywani Hutoboa Seli kwa Sumu
Candida albicans ni fangasi anayeishi kinywani, utumboni na ukeni mwa watu wengi wenye afya bila kuwadhuru. Katika hali hiyo huwa na umbo la mviringo, kama chembe za hamira. Kinga ya mwili ikidhoofika, au dawa za antibiotiki zikiua bakteria wanaomzuia kuzaana, hubadilika na kuota nyuzi ndefu.

Nyuzi hizo huingia ndani ya seli za mwili kwa njia mbili. Kwanza, protini ya fangasi iitwayo Als3 hujishikiza kwenye utando wa seli na kuichochea seli immeze fangasi huyo. Pili, ncha ya uzi husukuma na kujipenyeza kwa nguvu. Uzi ukishaingia, hutoa kandidalisini, sumu yenye amino asidi 31 ambayo watafiti waliitangaza mwaka 2016. Sumu hiyo hutoboa utando wa seli.

Matundu hayo ndiyo yanayomfichua mvamizi. Seli iliyojeruhiwa hutoa kemikali za tahadhari zinazoita neutrofili, chembe nyeupe za damu zinazomeza na kuua fangasi. Baadhi ya seli T, ambazo pia ni chembe nyeupe za damu, nazo hutoa intalukini-17, kemikali inayozihimiza seli za kinywa kutengeneza protini za kuua vimelea.

Virusi vya Ukimwi (VVU) huharibu seli T za aina ya CD4, zikiwemo hizo zinazotoa intalukini-17. Ndiyo maana utando mweupe unaosababishwa na fangasi huyu mdomoni huwa miongoni mwa dalili kwamba kinga ya mtu mwenye VVU imeshuka.